Jina Bila Uso, Uso Bila Jina

Kabla jina halijabandikwa kwenye picha, lilikuwa linasafiri peke yake hewani. Nani kati yetu aliyekulia upande huu wa maziwa asiyekumbuka vipindi vya salamu? Msikilizaji alinunua kadi, akajaza jina lake, akataja ndugu zake, rafiki zake, mwalimu wake wa darasa la tano, halafu akamalizia "na wote wanaonifahamu". Alichagua wimbo, akapeleka posta. Siku mtangazaji akiisoma kadi yako mtaa mzima ulijua, hata wale waliokuwa wamelala. Kenya watuma salamu walifika mahali pa kuanzisha vikundi vyao, wakawa wanakutana uso kwa uso, wanachangiana harusi na misiba, watu ambao mwanzoni walijuana kwa majina ya redioni tu. Ukiniuliza mimi, kila kitu ambacho leo vijana wanakiita netiwaki kilikuwemo mle: unamtaja mtu, yeye anafurahi, anaambia wenzake, na wote wanafungua redio wiki ijayo.

Kwetu sisi tuliokimbia, jina redioni halikuwa mchezo. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi, na sehemu kubwa ya matangazo yale ilikuwa kusoma majina: fulani yuko kambi fulani, anamtafuta mdogo wake, wametengana barabarani. Mwaka 1995 ikaja Radio Kwizera kule Ngara, Tanzania, iliyoanzishwa na shirika la Wajesuiti kwa ajili ya wakimbizi. Watu walikaa kuizunguka redio moja, betri zimepashwa jua ili zirudishe nguvu, kila mmoja anasubiri jina lake. Lakini jina peke yake lina shida yake. Mapendo wa Uvira wako wangapi? Bahati? Furaha? Unasikia jina la dada yako, moyo unaruka, kumbe ni Furaha mwingine, baba yake mwingine, kilima kingine. Ndiyo maana wale watangazaji walilazimika kuongeza jina la mama, la kijiji, la parokia, mpaka tangazo la mtu mmoja likawa kama ukoo mzima.

Na upande wa pili kulikuwa na uso usio na jina. Miaka ile ile, kwenye makambi ya Goma na ndani ya Rwanda kwenyewe, mashirika yaliwapiga picha maelfu ya watoto waliopotezana na wazazi, halafu picha zikabandikwa kwenye mbao ili watu wapite wakizitazama. Wengi wao walikuwa wadogo mno. Ukimuuliza mtoto wa miaka mitatu mama yake anaitwa nani, atakwambia anaitwa Mama. Basi uso ndio ulikuwa anwani. Wakina mama walitembea mbele ya mbao zile polepole, mstari kwa mstari. Aliyeona hakupiga kelele mara moja. Alirudi nyuma, akaangalia tena, akamvuta jirani: hebu niangalizie hapa.

Naanza na hayo kwa sababu watu wa matangazo ya biashara, wanaotufundisha kwenye semina jinsi ya "kutagi picha ili tukio lako lifike mbali", wanaongea kana kwamba jambo hili lilizaliwa Marekani na kompyuta. Kompyuta ilifanya kazi moja tu, tena kubwa: ilishika jina lililokuwa hewani na uso uliokuwa ubaoni, ikavifunga pamoja.

Upande wa starehe nao ulikuwa umetangulia. Mjini Kinshasa, ulipokuwa bado unaitwa Léopoldville, kulikuwa na mpiga picha Jean Depara, mzaliwa wa Angola, aliyezunguka usiku na kamera kwenye mabaa na madansi miaka ya 1950 na 1960. Franco alimchukua awe mpiga picha wake. Vijana waliovaa vizuri, wasichana wenye nywele za mtindo, wanamuziki, wote walitaka foto ya Depara, kwa sababu ilithibitisha kwamba usiku ule ulikuwepo na wewe ulikuwemo. Ulipeleka foto nyumbani, ukaandika nyuma "Ukumbusho" na tarehe, ukamtumia mtu. Aliyeiona alijua baa ile ina watu. Hilo ni tangazo tayari, na mwenye baa hakulipa hata faranga.

Halafu kuna libanga. Msomaji asiye Mkongo anisamehe nieleze. Libanga kwa Kilingala ni jiwe, na "kutupa jiwe" ni mwanamuziki kulitaja jina la mtu katikati ya wimbo. Mwanzoni lilikuwa jambo la heshima na urafiki, na wakati wa Mobutu lilikuwa pia jambo la siasa, maana kumsifu mkubwa kulikuwa kama wajibu. Kuanzia miaka ya 1990, uchumi ulipoanguka na kaseti za wizi zikajaa sokoni, mawe yakawa mvua. Mfanyabiashara wa almasi, kijana aliyefika Paris na Brussels, waziri, mwenye duka la nguo: kila mmoja alitaka kusikia jina lake kwenye sebene, na alilipa. Kuna nyimbo ambazo ukihesabu majina utachoka kabla gitaa halijanyamaza. Wengi wanaziponda. Mimi siziponda sana. Wanamuziki wale walikuwa wamegundua kitu ambacho makampuni ya California yalikuja kukigundua baadaye: mtu akisikia jina lake ndani ya kazi yako, hiyo kazi inakuwa yake, na ataitembeza mwenyewe. Aliyetajwa alinunua kaseti kumi akagawa. Alipiga wimbo ule kwenye gari, kwenye ubatizo wa mtoto, popote.

Upande wa Tanzania mtu wa kumtaja ni Issa Michuzi, mpiga picha wa magazeti, aliyefungua blogu yake mwaka 2005. Aliiita Globu ya Jamii. Humo zilikuwemo ziara za viongozi, ndiyo, lakini watu wengi walifuata harusi, send-off, misiba, Watanzania waliokutana London au Washington wakala ugali. Chini ya kila picha kulikuwa na yale maneno ya kizamani ya gazeti: kutoka kushoto kwenda kulia. Watu walitumiana kiungo cha picha usiku kucha, "umeniona? wa tatu kutoka kushoto". Na mwenye ukumbi ambao umeonekana mara tatu kwenye Globu alikuwa hahitaji tena kutangaza redioni.

Sasa tuje kwenye hiyo Oktoba 2005. Facebook ilikuwa bado mtandao wa wanafunzi, haijafunguliwa kwa kila mtu (hilo lilifanyika Septemba 2006). Washindani wake walikuwa na picha nzuri zaidi. Flickr ilikuwa na picha kubwa, safi, na maneno ya kuzipanga: mlima, harusi, paka. Picha za Facebook zilikuwa ndogo na hazivutii. Lakini badala ya neno waliweka mtu. Ulibofya uso, ukaandika jina la rafiki yako, na picha ile ikaenda kukaa kwenye ukurasa wake, na rafiki zake wakaambiwa. Hukuhitaji kumtumia yeyote. Picha ilijipeleka. Ndani ya muda mfupi Facebook ikawa ghala la picha kubwa kuliko yale yaliyojengwa kwa ajili ya picha.

Watu wa klabu waliielewa mapema kuliko maprofesa. Los Angeles kulikuwa na kijana anaitwa Mark Hunter ambaye tangu 2004 alipiga picha za madisko na kuziweka kesho yake kwenye tovuti yake, The Cobrasnake. Watu waliamka na kichwa kinauma, wakafungua kujitafuta. Wenye kumbi wakaanza kumwita, kwa sababu sherehe isiyokuwa na kamera yake ilionekana haikufanyika. Facebook ilipokuja na majina, hukuhitaji tena kujitafuta, uliitwa. Na mwaka 2009 duka jipya la IKEA mjini Malmö, Sweden, lilifanya jambo ambalo hadi leo linafundishwa. Meneja wa duka alifungua akaunti, akaweka picha 12 za vyumba vilivyopangwa kwa muda wa wiki mbili, akasema: mtu wa kwanza kubandika jina lake kwenye kitu chochote pichani, kitanda, taa, zulia, anakichukua. Watu waliomba picha zaidi. Kila aliyejibandika kwenye kochi, rafiki zake wote waliliona kochi. Baadaye Facebook yenyewe ilikataza matangazo ya namna ile, ya kumtagi mtu kwenye picha ambayo hayumo. Mimi nacheka kidogo nikifikiria: kule Malmö mtu alijibandika kwenye kitanda ili apate kitanda, na sisi tulikuwa tunahesabu mikeka.

Mwaka ule ule wa 2009 ndio mambo yalitufikia. Julai nyaya za chini ya bahari za SEACOM zilifika pwani ya Afrika Mashariki, intaneti ikaanza kushuka bei, na mwezi mmoja kabla Facebook ilikuwa imetoa toleo la Kiswahili. Mei 2010 ikaja Facebook Zero, iliyopita bila malipo kwenye mitandao kadhaa ya simu Afrika. Hapa kuna jambo ambalo historia za wazungu hazilitilii maanani: ile ya bure ilikuwa ya maandishi tu. Picha ililipiwa. Ulisoma kwamba umetagiwa, jina lako liko pale, mtu ameandika "umependeza sana", lakini picha yenyewe huioni mpaka uweke salio. Tulirudi kwenye redio ya salamu! Jina bila uso. Nimewaona vijana hapa Kakuma wakichanga shilingi ili simu moja ifungue picha moja, watu tisa wameinama juu ya skrini ndogo kama kidole gumba, picha inashuka mstari kwa mstari, kwanza anga, kisha paa la mabati, kisha nywele, na wote wanangoja ifike usoni wajue ni nani.

Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1992, na tangu zamani ina sherehe nyingi kuliko anavyodhani mtu wa nje. Kwaya zinazindua nyimbo. Kuna mechi za Wasudan Kusini na Wakongo, ngoma za Warundi, mashindano ya mavazi, ubatizo, arusi ambazo bajeti yake inatisha, na Juni 20, Siku ya Wakimbizi Duniani, ambayo inaadhimishwa kimataifa tangu 2001. Zamani tangazo lilikuwa kipaza sauti kwenye pikipiki, karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa duka la Msomali, na mama wa kwaya kupita nyumba kwa nyumba. Vyote hivyo vinaleta watu wa kambi. Haviwezi kuleta mtu wa Nakivale, wala wa Nyarugusu, wala shangazi aliyepelekwa Arizona mwaka uliopita.

Picha yenye majina iliweza. Niseme jinsi ilivyofanyika kwetu, maana wengine wameuliza. Kikundi chetu kilikuwa na katibu mwenye daftari. Mpiga picha akipiga, katibu anasimama pembeni anaandika kutoka kushoto kwenda kulia: jina la nyumbani, jina la Facebook (na hayo mawili hayafanani hata kidogo, kijana anaitwa Byamungu lakini Facebook ni Prince wa Mapenzi), na kama anakubali. Usiku picha zinapandishwa, siyo zote, kumi au kumi na mbili. Picha ya watu wengi ilikuwa na thamani kuliko picha nzuri. Picha ya mwimbaji mmoja ikitagiwa inafika kwa marafiki wa mtu mmoja. Picha ya safu ya mbele ya watazamaji, watu kumi na tano wanacheka, inafika kwa marafiki wa watu kumi na tano, na wale marafiki wako Nairobi, Kampala, Bujumbura, Brisbane. Mwaka unaofuata, wiki tatu kabla ya sherehe, unairudisha picha ile ile ya mwaka jana na majina yake, unaandika: mwaka huu tena, tarehe fulani. Wale kumi na tano wanaanza kubishana kwenye maoni nani alicheza vibaya. Tangazo limeshafanyika.

Na pesa ilikuja kwa njia ile. Spika zetu mbili zilinunuliwa na watu walioondoka kambini, ambao waliona picha za kwaya wakaona waimbaji wanashikilia kipaza sauti kilichofungwa na mpira. Hatukuomba. Mmoja aliandika chini ya picha: hicho kipaza sauti ni kile kile cha 2007? Wengine wakacheka, mmoja akaanzisha mchango. Fundi cherehani aliyeshona sare za kwaya alitagiwa kwenye kola, si utani, jina lake lilibandikwa kwenye kola, na akapata oda tatu za harusi kutoka mjini Lodwar. Hii ndiyo netiwaki niliyoiona kwa macho. Yale ya kwenye semina, kwamba mkimbizi akitagi shirika kubwa kwenye picha yake basi shirika litamwona, sijayaona yakizaa.

Isipokuwa labda mara moja, kwa namna nyingine. Juni 9, 2018 ilifanyika hapa TEDxKakumaCamp, ya kwanza ya aina yake kufanyika ndani ya kambi ya wakimbizi. Aliyekuja kuzungumza ni pamoja na Halima Aden, mwanamitindo aliyezaliwa hapa hapa Kakuma. Siku ile kila mtu alikuwa na simu juu. Aliyepata picha na Halima akajibandika jina, basi kwa siku mbili tatu alikuwa na marafiki wapya asiowajua. Tukio lilitangazwa na watu wenyewe kuliko na waandaaji.

Palikuwa na uhuni pia. Facebook inaruhusu majina 50 kwenye picha moja, na mapromota walipoijua hiyo namba walianza kuchukua bango la shoo na kuwatagi watu 50 ambao hawamo, hawajaalikwa, na wengine wamekufa. Kweli, wapo waliotagiwa wakiwa wamekufa. Unafungua unakuta marehemu rafiki yako "yuko" kwenye disko la Ijumaa. Agosti 2011 Facebook iliweka uwezo wa kukagua tagi kabla haijaonekana kwenye ukurasa wako, na watu wengi wa kambini hawakuujua mpaka miaka mingi baadaye, kwa sababu uko ndani ya mipangilio, na mipangilio hakuna anayeifungua akiwa na dakika kumi za bando.

Lakini jambo zito lilikuwa lingine. Wakati tunafurahia majina, mashine ilikuwa inajifunza nyuso. Mwishoni mwa 2010 Facebook ilitangaza kwamba itapendekeza jina yenyewe, na katikati ya 2011 huduma ile ilikuwa imesambazwa nchi nyingi: unapandisha picha, kompyuta inakuuliza, huyu si fulani? Kila tagi tuliyoweka kwa furaha ilikuwa somo. Ulaya walilalamika mapema, na 2012 huduma ikaondolewa huko. Sisi hatukuulizwa. Novemba 2021 kampuni ilitangaza inaizima, na inafuta alama za nyuso za watu zaidi ya bilioni moja. Bilioni moja. Kwa mtu ambaye ameshapigwa picha ya macho na alama za vidole ili apate kadi ya chakula, pengine inaonekana ni mashine moja zaidi tu. Tofauti ni kwamba ile ya kadi unaijua. Umepanga foleni, umekaa mbele yake.

Mkimbizi ana sababu ya kuogopa jina juu ya uso ambayo mwenye klabu wa Los Angeles hana. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka tena, kuingia Nyarugusu, Mahama na Nakivale, wengi walikuja na hofu kwamba waliowakimbia wana macho hadi kambini. Watu walibadilisha majina, walifuta akaunti, walikataa kamera. Wenzetu Wakongo wa Kivu nao wana mambo yao: ndoa iliyovunjika kwa panga, deni la damu, askari aliyetoroka jeshi. Mtu wa namna hiyo anaweza kukaa mtaa mmoja na wewe miaka minne, anakuja ibada, anaimba sauti ya tatu, na hujui kwamba kuna mtu huko nyuma anayeitafuta sura yake kila usiku.

Kuna mama mmoja wa kikundi cha ngoma jirani na chetu. Sitasema wa kabila gani wala block ipi. Waandaaji wa tukio fulani, watu wa nje waliokuja na kamera nzuri, walimpiga akicheza, picha ilikuwa nzuri kweli kweli, vumbi limepanda hadi magotini na jua liko nyuma yake. Waliipandisha. Yeye hana Facebook, kwa hiyo alijiona salama. Lakini aliyecheza pembeni yake alitagiwa, na binamu wa huyo akaandika kwenye maoni jina la yule mama, jina lake la zamani, kwa furaha tu: "Kumbe uko hai!" Siku nne baadaye simu ya jirani ikapigwa na mwanaume asiyejitambulisha, akiuliza kama mama fulani anaishi karibu na kisima au karibu na shule. Mama aliondoka na watoto wawili usiku huo huo. Aliacha magodoro. Tulipowaandikia waandaaji waitoe picha, walijibu baada ya wiki mbili kwamba ile picha ndiyo iliyopendwa kuliko zote na imeshatumika kwenye bango la mwaka unaofuata.

Ona sasa: hata tagi hakuwekewa. Jina lilimfikia kupitia uso wa jirani yake. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kitu hiki na libanga. Kwenye libanga aliyetajwa alitaka kutajwa, na wimbo hauwezi kumwonyesha aliyekaa pembeni yake.

Shirika la Msalaba Mwekundu la kimataifa, ambalo limefanya kazi ya kutafuta waliopotea kwa zaidi ya karne, lilipoamua kutumia picha mtandaoni lilikwenda kinyume kabisa na Facebook. Tangu 2013 lina ukurasa unaoitwa Trace the Face kwa watu waliopotezana na ndugu katika safari za kwenda Ulaya. Anayetafuta anapigwa picha yeye mwenyewe, na chini yake panaandikwa tu anayemtafuta: namtafuta kaka yangu, namtafuta mama yangu. Jina halipo. Ndugu akiuona uso ataujua. Adui akitaka jina hatalipata pale. Mimi nafikiri waliofikiria hilo walikuwa wamekaa na wakimbizi, hawakukaa na watu wa matangazo.

Netiwaki yenyewe nayo inaweza kukatwa na mtu asiyekujua. Tuliona Uganda. Julai 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na wenzetu wa Nakivale wakaanza kuonekana Jumamosi na Jumapili tu. Januari 2021, siku mbili kabla ya uchaguzi, Facebook ikafungwa nchini humo, na hata ushuru ule ulipobadilishwa Julai mwaka huo kuwa asilimia 12 ya bando, Facebook ilibaki imefungwa. Marafiki zetu wakapita kwa VPN, wengine wakaacha. Majina yao bado yapo kwenye picha zetu za 2014 hadi 2020, ukiyabonyeza unakuta ukurasa uliosimama siku moja, salamu za Krismasi, kisha kimya. Na Facebook yenyewe Januari 2018 ilisema itapendelea posti za marafiki na familia kuliko kurasa za taasisi, jambo lililotusaidia sisi tusio na ukurasa wa kulipia na kuwaumiza wale wenye kurasa. Halafu vijana wakahamia WhatsApp na TikTok. Kwenye status ya WhatsApp picha inakaa saa ishirini na nne halafu inapotea, na wapo wanaosema hiyo ndiyo starehe inayotufaa.

Kikundi chetu hakikuacha picha. Daftari la katibu lina safu tatu sasa: jina, jina la mtandaoni, na safu ya tatu ambayo ina alama tu. Mstari mmoja, unaweza kupigwa na kutajwa. Mduara, unaweza kupigwa, jina hapana, na maoni chini ya picha yamefungwa. Msalaba, usipigwe kabisa. Wenye msalaba wanasimama upande wa kulia wa jukwaa, karibu na jenereta, na mpiga picha anajua kamera haielekei huko. Kwaya ikipangwa kwa sauti, sauti ya nne ilikuwa inaangukia upande ule. Mwalimu wa kwaya akapanga upya. Juni mwaka huu wenye msalaba walikuwa kumi na mmoja. Mapicha ya siku ile yana watu wengi kushoto na nafasi kulia, na walioko Brisbane wanaandika chini yake kwamba mpiga picha wetu bado hajajifunza kuweka watu katikati.